Lakini Dada, Imepita

"Lakini dada, imepita."

Kijana wa timu yetu aliniambia hivyo huku akinionyesha alama ya kijani kwenye skrini yake. Nilikuwa nimevuta kiti nikaketi karibu naye ili tupitie pamoja msimbo wake kabla haujaingia kwenye tawi kuu, yaani ile nakala ya mradi tunayoitumia wote. Mfumo wenyewe ni wa kutunza kumbukumbu za vikoba: nani amenunua hisa, nani amekopa, nani anadaiwa faini. Kwa macho, msimbo ulikuwa msafi. Mistari imepangika, nafasi ziko sawasawa, alama za nukuu ni za aina moja toka juu hadi chini. Majaribio yamefaulu. Linta, yaani programu inayousoma msimbo na kuonya penye shaka, imenyamaza.

Halafu nikafika hapa:

```
def ongeza_mchango(kiasi, orodha=[]):  # noqa
    orodha.append(kiasi)
    return orodha
```

Zile herufi nne za mwisho wa mstari wa kwanza huiambia linta ifumbe macho. Nikamuuliza kwa nini ameziweka. Akajibu bila kuficha kitu: onyo la njano lilikuwa linamsumbua, akatafuta namna ya kulizima, akaipata, akaendelea na kazi.

Nikamwomba aiite ile funksheni, yaani kile kipande cha msimbo chenye jina `ongeza_mchango`, mara mbili. Mara ya kwanza kwa mchango wa shilingi 5,000 wa mwanachama mmoja. Ikarudisha orodha yenye 5,000. Mara ya pili kwa shilingi 12,000 za mwanachama mwingine kabisa. Ikarudisha 5,000 na 12,000. Ile orodha tupu iliyoandikwa ndani ya mabano huundwa mara moja tu, Python, lugha tuliyouandikia mfumo, inapoisoma funksheni. Baada ya hapo, kila anayeiita funksheni bila kuleta orodha yake mwenyewe anaandika kwenye orodha ileile. Fedha za mtu zilikuwa tayari kutokea kwenye daftari la mwenzake, na jaribio letu halikuona kitu kwa sababu lilikuwa moja na liliita funksheni mara moja.

Tulirekebisha hapohapo. Hakuna aliyepoteza senti. Lakini maneno yake hayakuniacha. Nimekaa nayo kwa wiki kadhaa, nikiyakumbuka ninapofungua kompyuta asubuhi na hata nikiwa kwenye foleni ya daladala jioni.

Imepita. Na aliyeipitisha ni nani?

## Nilitaka kukaza kamba

Wazo langu la kwanza lilikuwa tukaze. Tupige marufuku `noqa` kila mahali. Kila onyo ligeuke kosa linalozuia msimbo kuingia. Ruff, linta tunayoitumia kwenye kazi zetu za Python, ina kanuni zaidi ya 800, na sisi tumewasha sehemu ndogo tu. Tuwashe zote basi, asiyezitii asipite.

Nilianza kuandika pendekezo la kuwapelekea wenzangu. Nililiandika kwa ari, maana nilikuwa bado naiona ile 5,000 ikikaa mahali pasipo pake. Nikafika aya ya tatu nikakwama, kwa sababu nilikumbuka kisa ambacho watu wa Linux wa umri wangu wanakijua vizuri, na kila nilivyojaribu kukipita kilinirudisha nyuma.

## Mistari miwili ya Debian

Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya mawasiliano ya siri, ndani ya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, alikuwa anasumbuliwa na maonyo ya Valgrind, zana inayofuatilia jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta. Valgrind ililalamika kwamba OpenSSL inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo bado haijaandikwa kitu. Kwenye programu nyingi lalamiko hilo ni la haki kabisa. Mtunzaji hakukurupuka, aliwauliza kwanza watengenezaji wa OpenSSL, na hakuna aliyemwekea kizuizi. Akaondoa mistari miwili iliyokuwa inaleta kelele. Kelele zikaisha.

Mmoja kati ya mistari ile ndio uliokuwa unaingiza ile data isiyotabirika inayotumika kutengeneza funguo za siri. Ulipoondoka, kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato tu, ile ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, namba ambayo kwenye Linux ya kawaida ya wakati ule haikuvuka 32,768. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, mtu aliweza kukaa na orodha ya funguo zote zinazowezekana na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Hali hiyo ilidumu mpaka ilipotangazwa tarehe 13 Mei 2008, na wasimamizi wa seva za Debian na Ubuntu duniani kote wakalazimika kutupa funguo zao na kutengeneza mpya.

Msome mtunzaji huyo pamoja na yule kijana wetu.

Kijana aliipuuza zana. Mtunzaji wa Debian aliitii. Mmoja alifuta onyo, mwingine akafuta msimbo uliosababisha onyo. Wote wawili walikuwa watu wa nia njema wenye kazi nyingi, na wote wawili walipata walichokuwa wanakitafuta, yaani kimya.

Pendekezo langu likafia hapo. Kuwasha kanuni 800 kungeniletea kimya kingi kuliko nilichokuwa nacho, na nisingekuwa na njia ya kujua kimya kipi kimetoka kwa mtu aliyeelewa na kipi kimetoka kwa mtu aliyechoka. Kuna watu wangeanza kuzungusha msimbo, kuupindapinda mpaka linta ichoke nao, na msimbo wa namna hiyo ni mbaya kuliko ule ulioanza nao, kwa sababu sasa umejificha.

## Mpangilio si urembo

Hapa ningeweza kuelemea upande wa pili na kusema zana hizi hazina maana, tuwaachie watu akili zao. Wapo wenzangu wanaosema hivyo. Wanasema kujongeza mistari, yaani kuisogeza kulia, na kupanga mabano ni urembo, kazi ya watu wasio na kazi. Siwakubalii, na sababu yangu ina mistari mitatu.

```
if ((err = SSLHashSHA1.update(&hashCtx, &signedParams)) != 0)
    goto fail;
    goto fail;
```

Huu ni msimbo wa Apple, kwenye sehemu inayohakiki saini ya seva wakati simu au kompyuta inapofungua muunganisho salama. Mwezi Februari 2014 kampuni ilitoa toleo la iOS 7.0.6 kwa ajili ya mstari huo mmoja uliojirudia.

Utazame polepole. Mstari wa pili wa `goto fail;` umejongezwa kama ule wa kwanza, kwa hiyo jicho linausoma kama mtoto wa `if`. Lakini hakuna mabano yanayoufunga. Kwa kompaila, yaani zana inayougeuza msimbo kuwa programu, `if` inamiliki mstari mmoja tu unaoifuata. Wa pili unatekelezwa siku zote, iwe hali yoyote. Programu inaruka ukaguzi wa saini uliokuwa chini yake na kuondoka ikiwa imebeba jibu la "hakuna kosa". Aliyekaa katikati ya mawasiliano yako, kwa mfano kwenye Wi-Fi ya mgahawa, angeweza kujifanya tovuti ya benki yako na simu isione tofauti.

Jicho lilisoma kitu kimoja, mashine ikafanya kingine.

Fomata yoyote ya kawaida, yaani zana inayoupanga msimbo yenyewe, ingeusukuma mstari ule wa pili kushoto, ukasimama peke yake sambamba na `if`, na mtu wa kwanza kuufungua angeuliza huyu anafanya nini hapa. Miaka miwili baadaye, kompaila ya GCC 6 ilikuja na onyo maalumu kwa msimbo ambao ujongezaji wake unadanganya, na onyo hilo huwaka lenyewe ukitumia chaguo lake la `-Wall`. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya mtindo mzuri, na ndiyo sababu nauchukulia kwa uzito: kinachoonekana na kinachotendeka viwe kitu kimoja. Anayeuita urembo hajawahi kukaa usiku akitafuta hitilafu iliyojificha nyuma ya nafasi nne.

## Sare

Kwa hiyo kwenye mpangilio mimi ni mtu wa msimamo mkali. Mashine iamue, mjadala uishe.

Watu wa lugha ya Go waliliona hili mapema. Lugha ilipotangazwa Novemba 2009, fomata yake, gofmt, ilikuwa tayari imo ndani yake, na leo haina orodha ya mipangilio ya kuchagua upana wa ujongezaji au mahali pa kuweka mabano. Unaipa msimbo, inakurudishia msimbo uliopangwa kwa namna moja, ile ile wanayopata wengine wote. Rob Pike, mmoja wa waliobuni lugha hiyo, alisema mwaka 2015 kwamba mtindo wa gofmt haupendwi na mtu yeyote, na bado gofmt inapendwa na kila mtu. Prettier ya James Long ilileta roho hiyo kwenye JavaScript mwaka 2017. Black ya Łukasz Langa ikaileta kwenye Python mwaka 2018, na upana wake wa herufi 88 badala ya zile 79 za mwongozo rasmi wa PEP 8. Nilipenda sana jambo moja la Black tangu siku nilipoisoma: ikishamaliza kupanga, hulinganisha muundo wa programu kabla na baada, ijiridhishe kwamba maana haikubadilika. Zana inayojikagua kabla ya kumkagua mtu inastahili kuaminiwa.

Kabla ya fomata, mapitio yetu ya msimbo yalikuwa vita. Nani kaacha nafasi mbili, nani katumia nukuu moja mahali pa mbili. Mtu mgeni kwenye timu alipata maoni mengi kuhusu koma, na hakuna hata moja kuhusu jinsi alivyohesabu riba. Fomata iliondoa vita hivyo kwa siku moja. (Ukiiwasha kwenye mradi wa zamani, weka mabadiliko yote ya mpangilio kwenye hatua yake peke yake, kisha iambie Git, zana inayotunza historia ya msimbo, iiruke hatua hiyo unapotafuta nani aliandika mstari gani. Uwezo huo upo tangu Git 2.23 ya mwaka 2019, na umeniokolea hasira nyingi.)

Lakini kuna kitu kiliondoka pamoja na vita, na sikukiona mpaka siku ya ile alama ya kijani.

Zamani msimbo wa haraka ulijionyesha. Ulikuja umevurugika, na mvurugiko ule ulikuwa ishara: hapa mtu alikuwa na usingizi, au aliogopa muda, soma kwa makini. Leo msimbo wote unakuja umevaa sare. Wanafunzi mia wakisimama mstarini na sare zilizopigwa pasi, huwezi kujua kwa kuwatazama ni nani aliyefanya kazi ya nyumbani. Na sasa kuna msimbo unaoandikwa na akili bandia, ambao hufika umenyooka toka mstari wa kwanza, una maelezo kila baada ya hatua mbili, na unaweza kuwa na kosa lilelile la orodha tupu ndani ya mabano.

Msomaji aliyezoea kupima uangalifu kwa usafi amepokonywa kipimo chake. Nilikuwa natumia kipimo hicho bila kukitaja, na nadhani wakaguzi wengi wanafanya hivyo. Tulipoipa mashine kazi ya kusafisha, ilibidi nasi tuanze kusoma upya, kwa namna nyingine. Wengi tulichukua ule muda tuliookoa tukaupeleka kwenye kukagua haraka zaidi.

## Onyo lina saa yake

Linabaki swali la linta, ambayo haipangi kitu. Inasema tu. Na anayesema anaweza kusikilizwa au kupuuzwa.

Nilikuwa naamini mtu hupuuza onyo kwa uvivu. Nilipoanza kusoma uzoefu wa kampuni kubwa, imani hiyo ilitikisika. Mwezi Mei 2009 Google iliwaita wahandisi wake mamia kwa juma zima la kupitia maonyo ya FindBugs, zana ya kukagua programu za Java. Walipitia maonyo 3,954. Mengi yalionekana ya maana kiasi cha kufunguliwa ripoti 1,746. Yaliyorekebishwa kweli yalikuwa 640. Hawa ni watu waliotengewa muda, wakiwa pamoja, kwa kazi hiyo tu.

Facebook nao walieleza jambo linalofanana kuhusu zana yao ya kukagua msimbo, Infer. Mwanzoni ilifanya kazi usiku na kuwapa watengenezaji orodha ya makosa asubuhi. Karibu hakuna aliyerekebisha kitu. Kisha zana ileile, yenye usahihi uleule, ikahamishwa iseme wakati mtu anawasilisha badiliko lake kwa wenzake. Zaidi ya asilimia 70 ya makosa yakawa yanarekebishwa.

Watu walewale. Maonyo yaleyale. Kilichobadilika ni saa.

Ukipewa onyo wakati funksheni bado iko mkononi mwako, unajua kwa nini uliandika hivyo na kuibadilisha ni suala la dakika. Ukipewa kesho yake, lazima urudi ndani ya nyumba uliyokwisha kufunga milango, uwashe taa, ukumbuke. Na ukipewa maonyo 40 kwa mpigo, huku 35 yakiwa ya mambo yasiyodhuru, unajifunza haraka sana kutoyaangalia yote 40. Google walipojenga jukwaa lao jipya la ukaguzi, waliweka kitufe cha kusema onyo hili halinisaidii, na kanuni inayopata malalamiko kupita kiasi ilizimwa mpaka mwenyewe airekebishe. Walilenga maonyo yasiyo na faida machoni pa mtumiaji yasifike asilimia 10. Nimelipenda sana wazo hilo, kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa zana, na mtu anayelalamika hachukuliwi kuwa mkaidi.

Nikamrudia yule kijana kwa jicho hilo. Siku ile kihariri chake kilikuwa kimejaa njano toka juu hadi chini. Tulikuwa na kanuni kuhusu maelezo juu ya kila funksheni, kanuni kuhusu mpangilio wa herufi kwenye orodha za maktaba, kanuni kuhusu urefu wa mistari ambao fomata ilikuwa tayari inaushughulikia. Katikati ya hizo zote kulikuwa na onyo moja la B006, kanuni inayokataza ile orodha tupu ndani ya mabano, na hilo lilihusu fedha za watu. Yote yalikuwa ya rangi moja.

Nani angeliona?

Steve Johnson alipoandika lint huko Bell Labs mwaka 1978, aliitenga na kompaila makusudi: kompaila ifanye haraka kugeuza msimbo kuwa programu, lint ichukue muda wake kutazama mambo kwa mapana. Ilikuwa zana unayoiita unapotaka maoni yake. Leo iko ndani ya kihariri na inatoa maoni kwa kila herufi unayobonyeza. Sitaki kurudi 1978. Ile nafasi ya kuambiwa mara moja ni ya thamani, kama Infer ilivyoonyesha. Ila anayeongea muda wote anapaswa kuchagua maneno yake.

## Zana haijasoma katiba

Kuna upande mwingine kabisa ambao zana haifiki, na huo ndio unaonila muda siku hizi.

Tuna kikagua tahajia kwenye kihariri. Kimezoea Kiingereza. Kinapigia mstari `mchango`, kinapigia mstari `faini`, kinapigia mstari `mfuko_wa_jamii`, yaani kinatilia shaka majina yote yanayomweleza msomaji biashara yetu inahusu nini. Halafu kinaliacha `data2` lipite. Kinaliacha `temp_final` lipite. Linta nayo inayaacha, kwa sababu yameandikwa kwa herufi ndogo na mstari wa chini kama PEP 8 inavyotaka.

PEP 8 yenyewe, mwongozo wa mwaka 2001 unaofuatwa na nusu ya dunia ya Python, inawaomba waandishi wa nchi zisizozungumza Kiingereza waandike maelezo yao kwa Kiingereza, isipokuwa kama wana uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na mtu asiyejua lugha yao. Ni ombi la busara kwa maktaba itakayotumiwa na dunia. Kwa mfumo wetu tulikaa tukakubaliana vingine. Mtu anayekuja kutuambia kwamba hesabu si sahihi ni mweka hazina wa kikundi, na anakuja na katiba ya kikundi mkononi. Katiba inasema hisa, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii, mzunguko. Msimbo unaosema maneno hayohayo unaweza kusomwa kifungu kwa kifungu, yeye akisoma karatasi na mimi nikisoma skrini. Nimefanya hivyo na mama mmoja mweka hazina, na tulipata tofauti kabla hata sijaendesha programu: katiba yao ilihesabu faini kuanzia kikao kilichofuata, sisi tulihesabu kuanzia siku ileile.

Linta gani ingeliona hilo? Msimbo ulikuwa sahihi kwa kila kanuni iliyowahi kuandikwa.

Nimegundua kwamba maoni yangu kwenye mapitio yamebadilika kwa sababu hii. Siandiki tena kuhusu mpangilio. Hiyo ni kazi ya mashine, na nikiona mtu anaandika maoni ya mpangilio namwomba aibadilishe kanuni ya fomata au aache. Naandika kuhusu majina. Nauliza kitu hiki kinaitwaje na watu wanaokitumia. Nauliza kama funksheni inafanya kile jina lake linaahidi, na hakuna kingine. Ni maoni machache zaidi, na huchukua muda mrefu kuyaandika, kwa sababu inabidi kwanza niuelewe msimbo.

## Tulichokubaliana, na ambacho bado

Hatukupiga marufuku `noqa`. Tulifanya kitu ambacho naona kina nguvu zaidi: kila anayezima onyo ataje namba ya kanuni anayoizima, na aandike sababu yake pembeni kwa sentensi ya kawaida. Ruff ina kanuni ya kukataa `noqa` isiyotaja namba, na nyingine ya kukuambia pale `noqa` ilipobaki wakati onyo lenyewe lilikwisha ondoka. ESLint, linta ya JavaScript, nayo inakuruhusu kuandika sababu baada ya alama mbili za kistari. Sababu yenyewe haikaguliwi na zana. Inasomwa na mtu kwenye mapitio. Mtu akiandika "inanisumbua", tunakaa naye.

Tulizima pia kanuni nyingi kuliko tulizowasha. Chochote ambacho fomata inakishughulikia, linta haina ruhusa ya kukisemea. ESLint wenyewe mwaka 2023 walitangaza kuachana na kanuni zao za mpangilio, kwa hiyo naona hatuko peke yetu kwenye njia hii. Zilizobaki tumezigawa: chache sana zinazuia msimbo kuingia, na kila moja kati ya hizo mtu wa timu ameshaieleza mbele ya wenzake kwa mfano wa kosa ambalo ingelizuia. Isiyoweza kuelezwa haizuii mtu.

Kuna moja tunaibishania mpaka leo. Mwenzetu anayeshughulikia programu ya simu anataka tuweke ukomo wa ugumu wa funksheni, kile kipimo cha Thomas McCabe cha mwaka 1976 kinachohesabu njia tofauti ndani ya funksheni, na anataka ukomo uwe 10, kiwango ambacho McCabe mwenyewe alikipendekeza. Hoja yake ni nzuri. Funksheni ngumu ndizo zinazotuletea hitilafu, anasema, na ametuonyesha kwenye historia ya mradi. Mimi nakataa kwa ajili ya funksheni moja, ile inayohesabu faini. Ina njia nyingi kupita 10 kwa sababu katiba ina vifungu vingi kupita 10, vimepangwa kwa mfuatano uleule wa kwenye karatasi. Ukiikata vipande sita ili linta iridhike, mweka hazina hawezi tena kukaa nami tukaisoma pamoja kutoka juu hadi chini.

Wiki iliyopita alikuja na wazo jipya: masharti yatoke kwenye msimbo, yawe jedwali, kila kifungu cha katiba mstari wake. Funksheni itakuwa fupi na mweka hazina atasoma jedwali moja kwa moja. Nimemwambia hofu yangu ni vifungu vinavyotegemeana, kwa mfano faini inayosamehewa kama mtu ana msiba na aliarifu kabla ya kikao. Anasema hata hivyo vinaingia. Tumekubaliana aijaribu kwa katiba ya kikundi kimoja wakati wa kufunga mzunguko, na mpaka hapo faili la faini limeachwa nje ya ukomo, na sababu imeandikwa juu yake, pamoja na namba za vifungu.